Pikipiki Chini ya Jua la Utosi

Mpiga picha anayeanza huamini kwamba jua kali ni rafiki yake. Hudhani kamera ni chombo chenye njaa ya mwanga, na kwamba kadiri mwanga unavyozidi ndivyo picha inavyokuwa njema. Imani hiyo ina ukweli wa nusu, na nusu iliyobaki huwagharimu watu wengi kazi yao ya kwanza.

Msomaji na amfikirie kijana aliyemaliza kidato cha nne, mkazi wa Chamazi, kusini mwa Dar es Salaam katika Wilaya ya Temeke, mahali pafikiwapo kwa barabara itokayo Mbagala Rangi Tatu. Kijana huyu si mtu mmoja mahsusi. Wako wengi wa namna yake. Mjomba wake amemwazima kamera kwa juma moja. Waendesha bodaboda kumi na mmoja wa kijiwe kilicho jirani na kwao wamekubaliana naye awapige picha, kila mmoja na pikipiki yake: uso uonekane, kibao cha namba kisomeke, na rangi ya tangi ijulikane. Picha hizo si za mapambo. Pikipiki moja ya kijiwe hicho iliibwa, na mwenyewe alipokwenda kutoa taarifa polisi hakuwa na picha ila moja ya simu, iliyoonyesha kitu cheusi kilichokaliwa na mtu mweusi zaidi mbele ya anga jeupe kama karatasi. Malipo ya kijana yatatolewa baada ya kazi kukubaliwa, si kabla.

Siku ya kwanza, katikati ya Oktoba, aliwapanga saa sita mchana, kwa kuwa ndiyo saa ambayo abiria huwa wachache. Alipiga picha thelathini na sita. Jioni alipozitazama aliona kofia ngumu zinazong'aa, na chini ya kila kofia shimo jeusi mahali pa uso. Matangi yalikuwa na mabaka meupe, na injini zilizokuwa chini yake zilimezwa na giza. Mwendeshaji mmoja aliuliza kwa upole kama aliyepigwa picha ni yeye au ni kofia yake.

Kosa halikuwa la kamera. Lilikuwa la saa, na saa hiyo yaweza kukokotolewa na mwanafunzi yeyote mwenye ramani na kalenda. Chamazi iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 3 Machi na tena karibu tarehe 11 Oktoba, jua hupita juu kabisa ya mahali hapo, na mti uliosimama wima hukosa kivuli kwa dakika chache. Wala tukio hilo haliangukii saa sita kamili. Saa za Tanzania hufuata longitudo ya digrii 45 Mashariki, ilhali Dar es Salaam iko kwenye digrii 39 na kitu. Tofauti hiyo huchelewesha adhuhuri ya jua kwa dakika 23 hivi, na mwendo wa dunia katika njia yake huongeza au kupunguza nyingine. Kwa hiyo mwanzoni mwa Machi jua hufika utosini kiasi cha saa 6 na dakika 35, na katikati ya Oktoba kiasi cha saa 6 na dakika 10. Hata mwezi Juni, jua linapokuwa mbali zaidi upande wa kaskazini, adhuhuri yake hufikia digrii 60 juu ya upeo.

Jua la namna hiyo huangaza utosi wa kila kitu na kuacha ubavu. Pikipiki ni kitu cha ubavu. Tangi na kiti huwa kama paa; injini, magurudumu na uso wa mwendeshaji aliyevaa kofia huwa chini ya paa hilo.

Jicho la binadamu haliyaoni matatizo haya kwa sababu halitazami mahali pamoja. Hutazama tangi, likajibana. Hutazama uso, likajipanua. Na ubongo huunganisha yote kana kwamba yalionwa kwa mara moja. Kamera hutazama mara moja tu, kwa kipimo kimoja. Kitu kilicho kivulini wakati wa jua kali hupokea kiasi cha sehemu moja ya nane ya mwanga unaokipiga kilicho juani. Shati jeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaolifikia, na ngozi nyeusi hurudisha sehemu ndogo. Ikikadiriwa kwamba shati hurudisha mara kumi zaidi ya uso, basi shati lililo juani litang'aa mara 80 kuliko uso ulio kivulini. Kamera iliyotegwa kwa ajili ya shati haitaona uso, na iliyotegwa kwa ajili ya uso italigeuza shati kuwa doa.

Tena kuna mtego mwingine. Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kinachotazama. Kimefundishwa kuamini kwamba dunia, kwa wastani, ni ya kijivu cha kadiri, na hujitahidi kukigeuza kila kitu kiwe kijivu hicho. Kikielekezwa kwenye ukuta mweupe wa chokaa, hupunguza mwanga hadi ukuta ufanane na saruji, na pikipiki iliyoegeshwa mbele yake hufanana na mkaa. Kikielekezwa kwenye pikipiki nyeusi iliyojaza picha nzima, huongeza mwanga hadi rangi nyeusi ichujuke. Katika kijiwe hiki cha Chamazi, nyuma ya kila mwendeshaji palikuwa na anga na mchanga mkavu. Kamera iliona weupe mwingi, ikapunguza mwanga, na waliopunjwa ni watu.

Yafaa kusemwa hapa kwamba upunjaji huu una historia. Kwa miaka mingi ya karne ya 20, maabara za Ulaya na Marekani zilisawazisha rangi za picha kwa kadi za kupimia zilizokuwa na sura ya mwanamke mweupe. Sura nyeusi haikuwamo katika hesabu, na matokeo yake yamo katika albamu za harusi za zamani za Afrika Mashariki, ambamo bwana harusi huonekana kwa meno na kola. Kamera za siku hizi zina uwezo mkubwa zaidi, lakini anayezishika bado anapaswa kujua amemkusudia nani.

Siku ya pili kijana aliamua kukimbia jua. Aliwahamishia waendeshaji wawili chini ya mwembe, akiamini kivuli kitaondoa tofauti kati ya peupe na peusi. Picha zilitoka na ugonjwa mpya: madoa ya mviringo, angavu, yametapakaa juu ya uso, tangi na shati, kana kwamba wote walipatwa na ndui.

Madoa hayo ni jambo la kuvutia sana, na mwalimu wa fizikia hatahitaji maabara kulionyesha. Matundu kati ya majani ya mwembe yana maumbo ya kila namna, lakini doa linaloangukia chini ni duara. Sababu ni kwamba kila tundu dogo ni kamera isiyo na lenzi, na kila doa ni taswira ya jua lenyewe. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na aliyefanya kazi yake kubwa Kairo, alichunguza taswira zinazopita katika tundu dogo, zikiwamo zile za jua linapopatwa. Kwa kuwa umbali wa jua kutoka duniani ni kama mara 107 ya kipenyo chake, uwiano huohuo hujirudia chini ya mti. Tundu lililo mita 4 juu ya ardhi hutoa doa la mita 4 zikigawanywa kwa 107, yaani karibu sentimita 4. Mwanafunzi mwenye rula aweza kuanza na doa akaupata urefu wa tundu. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa kwa umbo la pete huko Rujewa, mkoani Mbeya, na Dar es Salaam ikaona sehemu yake, taswira za namna hii chini ya miti zilifuata umbo la jua lenyewe: pete kule, hilali huku.

Hayo yote ni elimu tamu, lakini kijana wetu alihitaji uso usio na madoa. Siku tatu zilikuwa zimebaki.

Ndipo alipokwenda Mbagala kumwona mzee mmoja aliyewahi kuwa na studio tangu zama za filamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hizi ulizipiga saa ngapi?"

"Saa sita, mzee."

"Basi umepiga picha za kofia. Chomeka kijiti ardhini. Kivuli kikiwa kifupi kuliko kijiti, kunywa chai. Kikiwa kirefu kuliko kijiti, shika kamera."

Kanuni ya mzee ni trigonometria iliyovaa msuli. Kivuli hulingana na kijiti jua linapokuwa digrii 45 juu ya upeo, na katikati ya Oktoba huko Chamazi hali hiyo hufikiwa kiasi cha saa 9 na dakika 10 alasiri. Saa 10 jua huwa kwenye digrii 33, na kijiti cha mita 1 hutoa kivuli cha mita 1 na nusu. Saa 11 huwa limeshuka hadi digrii 18, na kivuli hufikia mita 3. Muda mfupi baada ya saa 12 na robo limekwisha kuzama. Katika nchi za mbali na ikweta jua huteremka kwa mshazari, na mwanga wa pembeni hudumu kwa muda mrefu. Ndiyo maana vitabu vya upigaji picha vilivyoandikwa huko husifu jioni ndefu ambazo msomaji wa Temeke hazioni. Hapa jua hushuka karibu wima, digrii 15 kwa saa. Kati ya mwanga ulio mzuri na giza kuna muda wa mechi moja ya mpira na mapumziko yake.

Mzee alimwambia pia kuwa kamera haina haja ya kuwa ya bei kubwa. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza akiwa mtoto wa shule kwa kamera ya kisanduku. Mwaka 1963 alianzisha Dar es Salaam kampuni yake ya Camerapix, na baadaye picha zake za njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984 zikatikisa dunia. Kamera ya kisanduku ilikuwa na tundu moja lisilobadilika na mwendo mmoja wa shata, kwa kawaida kati ya 1/30 na 1/50 ya sekunde. Aliyeitumia hakuwa na cha kurekebisha ila saa, mahali pa kusimama na upande wa jua.

Siku ya nne kijana alirudi kijiweni alasiri. Lakini saa 10 ndiyo saa ambayo abiria huanza kurudi kutoka mjini, na waendeshaji hawakukubali kukaa bure. Wengine walipatikana mchana tu. Kwa hao alijaribu flashi, ili aujaze uso mwanga. Uso ulitoka vizuri ajabu. Kibao cha namba kikatoka kitupu, cheupe, bila herufi hata moja.

Kibao cha gari au pikipiki, kama kilivyo kizibao cha usalama chenye mistari inayong'aa, kimetengenezwa kwa utando wenye vitone vya kioo au vipembe vidogo mno ambavyo huurudisha mwanga kule ulikotoka. Usiku jambo hilo huokoa maisha, kwa kuwa taa za gari humrudia dereva. Lakini flashi hukaa sentimita chache tu kutoka kwenye lenzi, hivyo mwanga unaorudi huingia moja kwa moja ndani ya kamera. Uso hutawanya mwanga pande zote na kuirudishia kamera sehemu ndogo. Kibao hukirudisha karibu chote mahali pamoja.

Dawa ilikuwa shuka jeupe. Vijana wawili walilishika wima upande ule uliokuwa na kivuli, hatua mbili kutoka kwenye pikipiki, likiwa limeinamishwa kidogo kulielekea jua. Shuka halina nguvu ya jua, lakini ni pana, na mwanga wake hutoka ubavuni, pale hasa jua la mchana lilipokataa kufika. Tofauti ya mara 80 ikapungua kiasi cha kuvumilika. Jambo hili si geni. Eadweard Muybridge alipopiga picha zake mashuhuri za farasi anayekimbia huko Palo Alto, California, Juni 1878, alihitaji mwanga mwingi kwa muda mfupi mno, naye alimpitisha farasi mbele ya ukuta mweupe.

Zikabaki sehemu zenye kromu: bomba la moshi, ukingo wa taa, mgongo wa vioo vya kutazamia nyuma. Hizi zilikuwa na vinyota vikali ambavyo havikuondoka hata jioni. Kila uso wa kromu uliobinuka ni kioo mbinuko, na kila kioo mbinuko kilicho juani hubeba taswira ndogo ya jua. Ikiwa nusu kipenyo cha mbinuko ni sentimita 4, fokasi iko sentimita 2 nyuma ya uso wake, na taswira ya jua, kwa hesabu ileile ya 107, ina upana wa milimita 0.2 tu. Hilo ni doa dogo kuliko punje ya mchanga mnene, lenye ukali unaokaribia ule wa jua lenyewe. Hakuna kipimo cha kamera kitakachokubali doa hilo na uso wa mtu kwa pamoja. Mpiga picha hupiga hatua moja kando, au huacha vinyota viwepo. Kwa hakika pikipiki isiyo na kinyota hata kimoja huonekana kama imepigwa rangi ya ukuta.

Mng'ao wa tangi ni habari nyingine. Tangi jekundu lilionekana la waridi kwa sababu rangi yake ilifunikwa na anga lililoakisiwa juu yake. Mwaka 1808 Étienne-Louis Malus, akiwa Paris, alitazama kupitia fuwele mwanga wa jua ulioakisiwa na madirisha ya jumba la Luxembourg, akagundua kwamba mwanga ulioakisiwa na kioo hubadilika: mawimbi yake hutikisika zaidi katika bapa moja. David Brewster alionyesha mwaka 1815 pembe ambayo badiliko hilo hukamilika. Kwa kioo cha kawaida, na kwa kiasi kikubwa kwa rangi ya mafuta iliyong'arishwa, pembe hiyo ni digrii 56 kutoka kwenye mstari ulio wima juu ya uso wa kitu. Miwani ya jua yenye polaroidi huuzuia mwanga wa namna hiyo. Kijana aliazima miwani, akaweka kioo chake kimoja mbele ya lenzi na kukizungusha polepole. Katika pembe moja mng'ao ulififia na wekundu wa tangi ukajitokeza. Kromu haikujali, kwa kuwa metali haiuchuji mwanga kwa namna ileile. Ikiwa mng'ao haubadiliki hata kidogo kioo kinapozungushwa juu ya tangi au maji, basi miwani hiyo ni ya rangi tu, hata muuzaji aseme nini.

Mwenyekiti wa kijiwe hakutaka picha ya kusimama. Alitaka apigwe akiwa mwendoni, tena jioni. Mwendo wa kilomita 36 kwa saa ni mita 10 kwa sekunde. Shata ikifunguka kwa 1/1000 ya sekunde, pikipiki husogea sentimita 1. Ikifunguka kwa 1/60, husogea karibu sentimita 17, na picha huwa ukungu. Lakini jua la saa 11 limepita katika hewa nyingi, mara 3 ya ile ya adhuhuri, na nguvu yake imepungua. 1/1000 ingelitaka tundu la lenzi kubwa kuliko alilokuwa nalo kijana. Hakuwa na njia ila kumfuata mwenyekiti kwa kamera, akigeuza kiuno kwa kasi ileile ya pikipiki, na kubonyeza bila kusimama. Mara tisa alikosa. Mara ya kumi pikipiki ilitulia ndani ya picha, na miti, ukuta na genge la matunda vikageuka mistari nyuma yake.

Mojawapo ya zile tisa ilistahili kuhifadhiwa kwa ajili ya darasa. Humo kamera ilisimama na pikipiki ikapita: njiti za gurudumu zilizo karibu na ardhi zinaonekana wazi, na zile za juu zimefutika. Gurudumu linaloviringika bila kuteleza hugusa ardhi kwa nukta ambayo kwa wakati huo haina mwendo, na nukta ya juu kabisa huenda mara mbili ya kasi ya pikipiki, yaani mita 20 kwa sekunde. Wanafunzi wengi hulikariri jambo hili bila kulisadiki.

Ijumaa jioni picha kumi na moja zilikuwa tayari. Mwanga wa saa 11 ulikuwa umezipa nyuso rangi ya shaba. Hewa hutawanya mwanga wa buluu zaidi ya mara nne kuliko mwekundu, kama Lord Rayleigh alivyoeleza mwaka 1871, na katika njia ndefu ya jioni kinachobaki ni wekundu. Picha ya mwenyekiti ilisifiwa na wote, ijapokuwa haikufaa kazi iliyokusudiwa, maana kibao cha namba hakikusomeka. Akalazimika kupigwa nyingine, amesimama, shuka likiwa ubavuni. Zile nyingine zilikubaliwa na kulipwa. Mtu mmoja tu ndiye aliyelalamika. Tangi lake lilikuwa na mchubuko mrefu upande wa kushoto, nao ulionekana dhahiri, pamoja na rangi ya zamani chini yake. Alitaka ufutwe. Wenzake wakamkatalia, wakisema kwamba pikipiki yake ikipotea mchubuko huo ndio utakaoirudisha.